Deni Baina ya Nyumba Mbili

Saa nane za usiku, Kuze.
Pangaboi imezeeka. Thamani yake vitabuni
ilikwisha mwaka juzi, kwa uchakavu wa kila mwaka sawasawa,
lakini bado yazunguka, yalia kwii, kwii,
kama inayokataa kufutwa.
Nami chini yake: kikokotoo, kalamu tatu,
na swali la mtihani uliopita
nililolifanya mara nne
na mara nne mizania ikakataa kukaa.
Upande wa mali umezidi kwa elfu sitini na mbili.
Zimetoka wapi?

Mama ameamka kuutazama unga kama umeumuka.
"Mwanaharusi, utayaumiza mato."
"Nimebakisha hatua moja, mama."
"Mwaka jana pia ulibakisha moja."
Hakusema kwa ubaya.
Alisema kama asomaye salio.

Mchana niko Shimanzi, kwa mawakala wa forodha,
nahesabu siku za makontena ya watu
yaliyolala bandarini yakila faini.
Bwana Jethwa huniita mhasibu akiwa na shida,
na karani siku ya mshahara.

Ada ya mtihani alinilipia Lali.
Lali wa Mtongwe, fundi wa friji,
mwana wa nyumba ya pili,
wale ambao mama huwaita "wa ng'ambo"
kana kwamba kivuko ni bahari nzima.
Alikuja mchana wa Ramadhani, midomo imemkauka,
akasimama mlangoni, hakuingia,
akanitumia pesa kwa simu huku namtazama.
Simu yangu ikatetema mkononi.
"Nitakulipa," nikamwambia.
"Basi andika."
Nikaandika, nyuma ya daftari, kwa wino mwekundu:
Lali, mdai.

Baba alikufa bila kufunga vitabu.
Siku mbili huku, siku mbili kule,
na kilo ya sukari ya huku isijulikane kule.
Matanga yalipokwisha kila nyumba ilitoa leja yake:
nani alimuuguza, nani alinunua sanda,
cherehani ni ya nani.
Tulijumlisha mpaka kwa kadhi.
Haikukaa sawa.

Saa tisa kasorobo. Narudi juu, taratibu,
kidole kwenye kila mstari.
Kampuni mama, tanzu mbili.
Tanzu moja yaidai nyenzake elfu sitini na mbili.
Hapo!
Nilifuta deni upande mmoja tu,
nikaliacha upande wa pili liendelee kudai.
Na kanuni naijua, nimeikariri hata jikoni:
ukizikusanya hesabu za kundi,
deni baina ya nyumba na nyumba
hufutwa pande zote mbili,
maana mkono wa kulia hauudai wa kushoto.

Nafuta.
Mizania inakaa, kimya,
kama mtoto aliyechoka kulia.

Kisha nafungua nyuma ya daftari.
Wino mwekundu.
Mkaguzi angeniuliza: ushahidi wa kundi uko wapi?
Ningemwambia atazame gumba la Lali,
limepinda nje kama langu, kama la marehemu.
Angesema gumba si waraka.
Nami sijui ningemjibu nini.
Kalamu naishika, naiweka.
Upande wangu peke yangu sina haki ya kuufuta.

Alfajiri mafuta yanachemka.
Mama anafunga mahamri kwenye gazeti,
ya hoteli ya Makadara, ya shule,
na kumi na mawili pembeni, yale yaliyofura vizuri.
"Haya ya nani?"
Haniangalii. Anageuza lililomo karaini.
"Ya yule wa Mtongwe. Mpitishie
kabla hujaenda kazini."
Natoa kalamu, mazoea tu.
"Usiandike," asema.

Zimebaki siku kumi na tisa.
Kodi bado sijaigusa.