Mwenye Mali: Wote

Ni karani wa forodha,
nimepima mali kadha,
ya mitumba na ya fedha,
kreti ilipoingia.

Meli ilikuwa yenda
mbali, mtambo kavunda,
Kilindini ikaganda,
vipuri kusubiria.

Kreti kubwa, tani sita;
Karisa alipovuta
winchi yake ikagota,
kamba zikamlilia.

Hati zake lugha saba:
"Sumaku, koili shaba,
isiguswe hata haba,
wala mvua kufikia."

Waya watoka Japani,
bolti za Ujerumani,
na fremu ni ya Milani,
kaja nayo Bhide pia.

Redioni wanauma,
kutukanana lazima;
kwenye kreti, kila chuma,
nati zimeitikia.

Fomu yataka sababu;
nikamwomba Bhide jibu,
mhandisi kwa adabu
polepole kanambia:

"Jua halichomi kuni,
wala mafuta pipani;
hubana viini ndani,
kimoja kujizalia.

Moto huo twautaka;
chuma chote huyeyuka,
hakuna cha kuushika:
sumaku ndo sufuria."

"Na kuni?" Kwa dirishani
akaonyesha majini,
maji haya, Kilindini,
plastiki ikipitia.

"Ni haidrojeni nzito,
chembe chache kama kito;
ndoo moja, ya mtoto,
nyumba ingeangazia."

Papo taa zikazima,
feni juu ikakoma,
kompyuta nayo kugoma;
sote tukajichekia.

"Moto utawaka lini?"
Alikuna kidevuni:
"Baba kazeeka ndani,
nami nafuata njia."

Kisha: "Mwenye mali, taja."
Nafasi ya jina moja;
nchi saba zinangoja
na wino wadidimia.

Nikaandika: "Ni wote."
Bosi akameza mate:
"Huyu 'Wote' nimpate
wapi, ada kulipia?"

Siku ya tisa, vipuri
vikafika; na muhuri
nikagonga alfajiri,
bosi akininunia.

Nyumbani kwangu Magongo
tokeni zina kiwango;
Zuwena, kwenye mlango,
hisabu ajifanyia.

Ndoo yake ya ufuko
nimeijaza, i huko
mita ilipo, na jiko;
maji yajinyamazia.

Aniuliza: "Ya nini?"
Jibu halimo kinywani.
Mita yalia gizani,
sote twasikilizia.