Barabara ya Doria

Tuliondoka Itumba umande ukiwa bado mzito,
sisi watano na mbwa asiye wetu.
Chupa ya chai, viazi vya kuchemsha,
chumvi nimeifunga kwenye ukurasa wa daftari la hesabu
wenye alama mbili za vema na kosa moja.

Barabara haikuwa na haraka.
Wanajeshi waliichonga kwa ajili ya magari mazito,
ndiyo maana haipandi kama njia ya mbuzi.
Inazunguka kilima polepole
kama mtu anayetafuta namna ya kuomba radhi.
Mtoto wa miaka minne anaiweza.
Mama yangu na goti lake anaiweza.
Kobelo, mume wangu, Mluguru anayejisifu kuzaliwa mlimani,
ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kama tumefika.

Mawe yaliyopangwa kwa mkono bado yapo,
katikati yameota majani,
na kwenye kalavati la pili,
pale mtu alipoandika namba kwa kidole saruji ikiwa mbichi,
vyura wamehamia.
Lugano aliingiza kichwa akaita jina lake.
Kalavati likamrudishia, nene, la mtu mzima.
Akalipenda. Akaliita mpaka dada yake akamvuta shati.

Mikaratusi. Kisha kahawa ya mtu.
Kisha hakuna cha mtu, ni matete
na ukungu unaokatika vipande vipande,
na chini Songwe, wembamba wa uzi ulioponyoka sindanoni,
na ng'ambo milima ya Misuku.
"Ile ni nchi nyingine?" Subilaga akauliza.
"Ndiyo."
"Mbona rangi ni ileile?"
Nilitafuta jibu. Nikainama nikamfunga kamba za kiatu.

Penye kizuizi hakuna kizuizi.
Kuna pipa lililojazwa zege, limeinama,
na bomba la chuma ambalo mtu ameanikia shuka na khanga mbili.
Watoto wakashika zamu palepale,
Lugano na fimbo, Subilaga na sauti:
"Simama! Kibali!"
Baba yao akatoa leso. Akapita.
Mimi nikatoa ndizi. Nikapita.
Mbwa hakuwa na kitu, akakamatwa,
akamlamba askari usoni.

Mama akafika wa mwisho.
"Simama! Kibali!"
Akasimama.
Akatua kikapu taratibu, bila kukiangalia,
na mikono ikapanda yenyewe, viganja wazi,
hadi usawa wa masikio.

Hakuna aliyecheka. Fimbo ya Lugano ikashuka.

Mwaka wa foleni za sukari, alituambia baadaye akimenya kiazi,
alikuwa akivuka kwenda kwa dada yake Misuku.
Anakwenda na maharage, anarudi na miche minne ya sabuni
kaifunga mgongoni kama mtoto.
Usiku mmoja tochi ikawaka, hapahapa.
"Kijana. Mdogo kuliko wewe, Kobelo. Bunduki inamzidi.
Akasema, mama, mtoto wako mbona halii?
Nikasema, amelala.
Akammulika. Akammulika sana.
Akasema, basi usimwamshe."

Tulingoja mengine.
Mama akachovya kiazi kwenye chumvi,
akatafuna upande wenye meno.
"Ilikuwa sabuni ya bluu," akasema.

Kileleni tulifika, ndiyo. Kuna nguzo ya zege
na upepo uliompokonya Kobelo kofia
akaipeleka Malawi bila maswali.

Kurudi, Lugano akagoma kutembea.
Nikambeba kwa khanga ya mama, yeye na uzito wake wa ndizi,
pumzi yake ikinichoma shingoni,
huku akisimulia vyura, mbwa, kofia, vyura tena.
Tulipolikaribia lile bomba la chuma
akanyamaza.
Nikahisi kope zake kwenye ngozi yangu,
akifumba macho
kwa nguvu zake zote.