Mstari wa Arobaini na Moja

Programu ilikuja na akili yake,
imeshajazwa, kama nyumba ya kupanga yenye vyombo:
kiwango cha punguzo, asilimia kumi;
mfumuko wa bei, mbili na nusu;
saa za kazi kwa mwaka, elfu mbili na themanini.
Elfu mbili na themanini! Nikacheka peke yangu.
Aliyeandika hiyo hajaiona Lieksa mwezi Julai,
kiwanda kimenyamaza, misumeno imefunikwa turubai,
na hata mlinzi yuko ziwani
anaumwa na mbu kwa hiari yake.

Bonyeza penseli, inasema, ubadilishe.
Penseli ndogo ya kijivu pembeni mwa kila namba.
Nikabadilisha saa. Nikabadilisha kodi.
Nikaweka bei ya umeme ya Januari,
si ile ya wastani; ile iliyomfanya Pasi
azime taa za ukumbini na kutuhesabia vikombe vya kahawa.
Kila nilipogusa, namba ya chini kabisa
ilitikisika, ikatulia,
ikabaki kijani.
Vinunuliwe, ilisema:
vihisio kumi na sita ndani ya matanuri ya kukaushia mbao,
na Urpo Nissinen akalale kwake.

Kisha nikafika mstari wa arobaini na moja.
Muda uliookolewa unaogeuka kuwa fedha:
asilimia 100.

Nikaiangalia ile mia, nayo ikaniangalia
kwa macho yake mawili makavu.

Mali bila daftari huisha bila habari.
Na daftari bila miguu?
Nikavaa buti.

Saa nane za usiku Urpo hutembea
kutoka tanuri la kwanza hadi la sita,
dakika arobaini, nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri.
Alifungua kidirisha, akanusa.
"Msonobari huu unalia," akasema.
Mimi sikusikia kitu. Akapunguza joto kidogo,
tukaenda la pili.
Njiani aliondoa theluji mbele ya mlango wa dharura,
akalipiga teke bomba lililoanza kuganda,
akagonga kioo cha lori moja mpaka dereva akaamka
akazima injini.
Yote hayo hayana seli.

Hakuniomba kitu. Aliniuliza tu
kama vihisio vinajua kunusa.
Hapana, nikasema, vinapima.
"Haya. Kupima nako ni kazi."

Nikarudi mezani na vidole visivyo vyangu.
Nikabonyeza penseli, nikafuta mia.
Kuna kisanduku kinachouliza: chanzo cha makisio?
Wengi wetu huandika "uzoefu", au nukta.
Niliandika: Nimetembea naye. Katika dakika arobaini,
kumi na nne tu ndizo za kupima.
Thelathini na tano, nikaweka.

Namba ya chini ikageuka nyekundu
bila kelele,
kama shavu lililopigwa na upepo.

Pasi alipiga simu saa mbili na robo asubuhi.
"Tuulikki, mbona jana ilikuwa kijani?"
Ya jana ilikuwa ya walioiuza, nikamwambia.
Hii ni yetu.
Kimya. Kijiko kikazunguka kikombeni,
kikazunguka tena.
"Na tukinunua sita badala ya kumi na sita?
Urpo akabaki?"

Sijui, nikasema, na nilikuwa sijui kweli.
Nikavuta kiti.