Sindano ya Arusyak

Daktari alibandika kifua changu dirishani,
picha nyeusi ya eksrei, na theluji ya Gyumri nyuma yake.
Akauliza: Mzee Varazdat, unaona nini?
Nikasema: naona jiwe lililochongwa na mwanagenzi.
Hakucheka.
Alisema nimevuta machimbo mazima kwa pua,
miaka arobaini na mmoja, chembe kwa chembe,
na sasa machimbo yanadai nafasi.

Basi tindo sita, nyundo mbili,
na ile tindo ya saba niliyoinoa hadi ikawa fupi kama kidole gumba,
nilimpa Garegin, mwana wa dada yangu.
Alizipokea, akazipima uzito, akaepuka macho yangu.
Nikamwambia: vaa barakoa.
Akasema: ndiyo, mjomba.
Mimi pia niliwahi kusema
ndiyo, mjomba.

Uani likabaki jiwe moja jekundu,
msalaba katikati, kushoto misuko na zabibu,
kulia uso mtupu.
Lilikuwa la marehemu mwoka mikate.
Mjane wake alikuja kudai arbuni.
Nilikuwa nimeshainunulia dawa.

Usiku mikono iliamka kabla yangu.
Niliukuta mto umepondeka,
nimeugonga hadi alfajiri, mapigo matatu, tua, mapigo matatu.
Mchana niliiweka mapajani
kama wageni wawili wasiojua wataondoka lini.

Dada yangu Arusyak alichoka kuitazama.
Cha mvunguni huinamiwa; aliinama yeye,
mimi pumzi haziruhusu,
akavuta kikapu: uzi mweupe, sindano moja.
Shika, akasema, au kaoshe vyombo.

Uzi ulinasa kwenye sugu zangu.
Sindano ilipotea kati ya vidole
kama unyasi kwenye mdomo wa ng'ombe.
Fundo, tundu, fundo. Fundo legevu. Fumua.
Kazi yangu ya kwanza ilikuwa na damu pembeni,
na Arusyak akasema inafanana na wavu
ambao samaki wameutoroka wakicheka.
Majirani waliocheza nardi chini ya ngazi walipata habari.
Varazdat, wakaita, harusi yako lini?

Niliwachukia. Niliuchukia uzi.
Jiwe hujibu, unalipiga nalo linalia,
unajua limekasirika wapi, litapasukia wapi.
Uzi haukuambii kitu.
Unakusubiri tu ukosee.

Sijui ni siku gani.
Theluji ilikuwa imeanza kuoza barabarani,
nami nilikuwa nalizunguka tundu dogo, fundo la tano, la sita,
nikaona mkono wangu umepunguza mwendo
pale pale ambapo ungeipunguza nyundo,
kwenye kona, kabla ya jani kupinda.
Kule nililitoboa tundu. Huku naliacha,
napita kando yake, nalifungia njia.
Pumzi moja, fundo moja.
Zikiisha pumzi, nalaza sindano; hakuna kinachopasuka.

Ule upande wa kulia niliumaliza mwezi wa Mei,
misuko na zabibu, upana wa sinia,
mweupe, mwepesi, ungeupuliza ukaruka.
Nilimpelekea mjane.
Nikamwambia: hiki si kile ulicholipia.
Akakigeuza. Akatafuta kosa, akaliona, akanionyesha.
Kisha akakitandaza dirishani, juu ya mikate.

Kuna usiku nasikia nyundo ya Garegin ng'ambo ya barabara.
Anapiga kwa nguvu mno. Anakohoa kidogo.
Naufungua mlango, baridi inanisukuma kifuani, naufunga.
Jiwe lingali uani. Sijalisamehe, nalo vivyo hivyo.

Jana nilipita kwa mjane kununua mkate.
Kitambaa kimeshikwa na unga kila fundo,
zabibu zimenenepa, matundu yamezibika nusu.
Vumbi, nikasema, vumbi tena,
nikacheka mpaka nikakohoa,
nikashika kaunta,
na mjane, bila kuniuliza,
akanisogezea kiti.