Kivuli cha Nguzo

Saa nane na nusu mchana, Ghala, mwezi wa Julai.
Nimeegesha gari la mama kando ya barabara,
kiyoyozi kinanguruma, daftari mapajani,
na sura ya tatu ya tasnifu yangu inadai namba:
wangapi wanapanda, wangapi wanashuka,
wangapi wanaghairi.

Nakiri: natafiti basi nikiwa ndani ya gari.
Jua la Maskati halimwulizi mtu anasomea nini.

Kituo hakina paa. Kina bango, kina ratiba
iliyopauka hata saa tisa na saa kumi zimekuwa ndugu,
na nguzo moja ya taa, ya chuma, nyembamba.
Watu saba wamesimama upande mmoja wa nguzo ile,
mmoja nyuma ya mwingine, pua kwenye kisogo,
mstari ambao hata benki sijauona.
Nikadhani ni adabu.
Kumbe ni kivuli.

Kivuli cha kutosha uso tu; mabega yanaungua.
Na kadiri jua linavyojongea nao wanajongea,
nusu hatua, kisha nusu hatua,
kama mshale wa saa wenye miguu kumi na minne,
wala hakuna aliyesema twende.

Jana nilikuwa ghorofa ya tisa, kwa Ustadh Mundhir,
meneja wa ubunifu. Zulia zito, kahawa, tende,
na ukutani mchoro wa rangi nne:
programu ya simu itakayomwonyesha abiria
basi lake liko wapi, dakika kwa dakika.
"Wateja wanataka ubunifu," akasema.
Nikasema, wateja wanataka kivuli.
Akacheka, si kwa ubaya. Akafungua jedwali lake.
"Kivuli nikiweke safu gani? Mapato au gharama?"
Kisha, kwa sauti ya chini, kama anayeungama:
"Mapaa yapo. Yako awamu ya tatu."
Tuko awamu ya kwanza tangu nianze shahada.

Nateremsha kioo. Joto linaingia kama mtu wa nyumbani.
Wa tano mstarini ananitazama, buibui, mfuko wa vitunguu,
anaiona kanga ya mama juu ya kiti cha nyuma, anaisoma,
anatabasamu: "Kumbe wa kwetu!"
Ni Mwanakombo, wa Pangani, anapika nyumba ya watu Bausher.
"Dada, unatuhesabu tangu Jumapili. Tumetimia?"
Namweleza. Usimamizi wa ubunifu. Usafiri endelevu.
Namweleza awamu ya tatu.
"Fimbo ya mbali haiui nyoka," anasema,
"na nyoka wetu huyu anatua utosini kila siku.
Shuka basi. Nafasi ipo, ya mtu mmoja mwembamba."

Nikashuka.
Nikawa wa nane, mkiani, nyuma ya Motaleb
mwenye ndoo na fagio la mpini mrefu.
Kivuli kilinifika kwenye paji, kikaniachia kidevu.
Lami ilipanda kupitia soli za viatu.
Mbele, muuguzi Sheeja akasogea nusu hatua,
na sote, bila kufikiri, tukasogea,
na mimi nikasogea, na hapo mwili wangu ukajua
jambo ambalo dodoso langu la maswali arobaini
halikuwahi kuuliza.

Basi likaja, limechelewa dakika kumi na moja.
Mlango ukafunguka, baridi ikatupuliza usoni.
Wakapanda saba. Mwanakombo akageuka ngazini.
Dereva akaniinulia kidevu: unapanda?

Nikatazama gari la mama, taa zikimetameta,
injini bado inawaka, inapooza viti visivyo na mtu.

Nikarudi. Nikafuta jasho lililodondokea ukurasa.
Nikaandika: waliopanda, saba.
Walioshuka, hakuna.
Kalamu ikasita kidogo kwenye safu ya mwisho.
Walioghairi: mmoja.