Chotara

Dola arubaini, uani kwa mtu aliyekuwa akihama,
kati ya mashine ya kufulia na sanduku la sahani.
Jina limebanduliwa. Imebaki gundi,
na herufi moja: labda R, labda B iliyokatwa tumbo.
"Ni baiskeli ya aina gani?"
"Ya magurudumu mawili," akajibu, akahesabu noti zangu.

Nikaikokota hadi karakana ya Orest Hrynchuk,
nyuma ya kanisa la Waukreni, Mtaa wa Barton,
hapa Hamilton, mji uliozeeka kwa kuyeyusha chuma.
Spana hukodishwa kwa saa. Ushauri ni bure
hata usipoutaka.

Akaipindua, magurudumu juu, kama mbuzi anayekaguliwa kwato.
Akasugua kwa mafuta ya taa
tumbo la fremu, pale ekseli ya pedali inapopita.
Namba zikajitokeza shingo upande, moja moja:
tisa, nne, herufi, kisha tano za kombokombo
zilizogongwa na mtu aliyekuwa na njaa.
"Tisini na nne," akasema. "Labda. Tusiape."

Akapima uma wa nyuma: milimita mia na thelathini na tano.
Akapiga bomba kwa ukucha, akatega sikio.
"Chuma cha kromu. Alumini hukohoa."
Rimu za mia saba, usukani bapa,
giya tatu mbele, saba nyuma.
"Si ya milima, si ya mashindano. Chotara."
Alilitamka neno kwa upole. Mama yake alikuwa Mpolandi.

Kisha akanyamaza.
Juu ya pedali ya kushoto kulikuwa na kibao,
mti mgumu, kimo cha vidole viwili,
kimekazwa kwa skrubu nne, kimevishwa soli ya kiatu,
na soli imelika katikati
kama jiwe la kusagia lililorithiwa mara tatu.

Tukaendelea kusoma, sasa polepole.
Kiti kimepandishwa hadi alama ya mwisho: mtu mrefu.
Meno ya giya kubwa, kama ya jana;
meno ya giya ndogo yamechongoka, yamekwisha.
Alipanda Mlima kila siku
(ndivyo tuuitavyo ukingo ule juu ya mji, na hatutaki kusahihishwa).
Alipanda, akashuka, bila haraka,
mguu mmoja ukimdai mwenzake.

Nilikuwa na orodha. Kipya kinyemi,
nami nilitaka vinyemi vyote kwa mshahara mmoja.
Orest akaisoma, akakata mistari sita kwa penseli ya seremala.
"Breki kwanza. Asiyeweza kusimama, ana haki gani ya kukimbia?"
Breki, basi, zenye mikono mirefu.
Tairi pana kidogo, kwa sababu ya reli na theluji chafu.
Mnyororo. Taa, maana zamu yangu tanurini kwa Figueiredo
huanza saa kumi alfajiri.
Bomba la kiti liligoma siku tatu, limelewa mafuta,
siku ya nne likatoka likipiga yowe
na paka wa karakana hakuonekana hadi Jumapili.

Ikabaki pedali.
Nilisukuma spana kwa nguvu zote, nikaikaza zaidi.
"Ya kushoto hufunguka kinyume," Orest akasema,
wala hakucheka.
Akaniachia mwenyewe.

Kibao hicho sasa hushikilia mlango wa nyuma wa tanuri
ili mvuke utoke. Figueiredo hukipiga teke, hukirudisha.
Hajauliza.

Nami alfajiri, taa ikitetemeka juu ya lami,
nakata kona ya mwisho, naingia giya ndogo, mpya,
nauanza Mlima.
Kila mzunguko mguu wangu wa kushoto unashuka
vidole viwili zaidi,
ndani ya nafasi ya mtu.