Wawili kwa Mmoja

Mahakama ya Mwanzo Magomeni, chumba cha pili.
Pangaboi lina bawa lililopinda, linahesabu: tak, tak.
Mimi karani. Jalada kwapani, naita mlangoni mara tatu:
Sikudhani binti Mwinchande!
Sikudhani binti Mwinchande!
Ya tatu naimeza; keshaingia,
kajifunga kibwebwe kama anayekwenda kutwanga.

Anamdai wifi yake, Mwajabu Pazi. Anadai cherehani.
"Nilimwazima."
"Alinipa. Siku ya arobaini ya kaka yangu,
masinia ya pilau hayajaoshwa."
Shahidi wa kwanza alisikia: chukua.
Shahidi wa pili alisikia: chukua, utarudisha.
Hakimu Lyatuu aliandika yote mawili kwa mkono,
na kila walipomwacha nyuma aliinua kidole,
maana humu ndani ukweli hauruhusiwi
kuipita kalamu.
"Utarudisha, au urudishe?"
Silabi moja, na benchi zima likaacha kukohoa.

Kisha watu wakatolewa nje.
Wakabaki watatu: hakimu na washauri wake,
Bwana Digalu anayeuza nati Gerezani,
Bi Asteria, mkunga mstaafu wa Mwananyamala.
Na mimi, mleta chai. Enzi hizo
kura ya mshauri ilikuwa na uzito sawa na ya hakimu,
na chai ilikuwa na masikio.

Hakimu akasema: anayedai ndiye abebe mzigo.
Huyu kaubeba mpaka mlangoni, kautua.
Digalu akasema: mimi naazimisha spana kila siku ya Mungu.
Siandikishani. Siku nikiandikishana
nitabaki na spana, sina jirani.
Bi Asteria hakusema kitu. Aliinuka,
akaenda penye kielelezo, akavuta kidroo cha mashine.
Bobini mbili. Chaki. Na vikaratasi:
Mama Chausiku, kifua thelathini na nane, Idi.
Mtoto wa Kombo, sare, kiuno ishirini na mbili, Jumatatu.
"Mtu hatoi mashine na wateja wake ndani."

"Funga hicho kidroo," akasema hakimu, si kwa ukali.
"Hakikufunguliwa mbele yao. Tunachokijua sisi watatu
bila wao kukijua, hakijulikani."
Nikatumwa. Nikaita tena mlangoni.
Kidroo kikafunguliwa upya, wote wakiangalia,
na Mwajabu akaulizwa kama aliviona.
"Niliviona."
Mbona hukuvitupa?
Akalitazama pangaboi muda mrefu.
"Ni mwandiko wa kaka."

Sikudhani, aliyesimama tangu asubuhi,
akakaa bila kuambiwa kaa.
Hilo halikuandikwa. Lile la mwandiko liliandikwa.

Kura. Digalu: irudi. Asteria: irudi.
Hakimu: haijathibitika; mjane anaweza kutoa
kitu asichothubutu kukifungua.
Wawili kwa mmoja.
Basi yeye mwenyewe, aliyeshindwa,
akaketi kuandika hukumu ya walioshinda,
wino ule ule, herufi zimesimama wima,
hakuinamisha hata moja,
na chini yake aya fupi ya kwake,
kwa yeyote wa wilayani atakayeisoma siku moja.
Cherehani irudishwe. Kila upande ubebe gharama zake.
Rufaa ndani ya siku thelathini.

Siku ya ishirini na tisa Mwajabu akaja.
Nikatayarisha daftari la rufaa, nikatafuta kalamu.
Akasema hapana, anaomba nakala tu.
Ya hukumu?
Ya vile vikaratasi.

Nikavuka Barabara ya Morogoro kwenda fotokopi.
Hakimu akasaini, hakuuliza sababu.
Nikagonga muhuri juu ya kiuno cha mtoto wa Kombo:
Nakala halisi.
Mkono uliteleza kidogo. Sikurudia.